Makao Makuu ya New York si New York, na Nimechoka Kusema

Juzi nimeletewa tena mswada wa kitabu cha maswali na majibu kwa shule za msingi. Kazi yangu ni kuhakiki ramani na majedwali kabla kitabu hakijaenda mtamboni. Nimeifanya miaka mingi, na nilishajiapiza kutowakasirikia waandishi. Nikafika ukurasa wa majimbo ya Marekani. New York, makao makuu New York City. Illinois, Chicago. California, Los Angeles. Florida, Miami. Pennsylvania, Philadelphia. Mistari mitano, makosa matano. Hata anayebahatisha huambulia moja.

Nikampigia simu mwandishi. Jibu lake ndilo lililonikalisha kuandika haya: "Lakini mwalimu, si ndiyo majiji makubwa hayo?"

Ni makubwa, ndiyo (ingawa hata hapo kuna moja kakosea, nitalirudia). Na mkuu wa shule si lazima awe mnene kuliko walimu wote.

Nadhani lugha yetu ina mkono katika kosa hili. Tunasema mji mkuu, makao makuu, na sikio linasikia ukubwa. Halafu kuna mazoea ya darasani: mkoa wa Tabora, makao makuu Tabora, Morogoro, Morogoro, Iringa, Iringa, Mwanza, Mwanza. Mtoto aliyekariri hivyo akikutana na New York anamalizia mwenyewe. Nina dhana, ambayo sijawahi kuipima, kwamba watoto wa Bukoba na Songea hukosea kidogo kuliko wa Tabora, maana wao wameshazoea mkoa kuitwa hivi na mji kuitwa vile. Kinachonishangaza ni watu wazima. Mtanzania ambaye serikali yake iliamua mwaka 1973 kuhamia Dodoma na kuiacha Dar es Salaam na bandari yake, anashangaa nini akisikia kuwa makao makuu ya New York ni Albany?

Hesabu yenyewe ni hii: kati ya majimbo 50, ni 17 tu ambako makao makuu ndiyo jiji lenye watu wengi kuliko yote jimboni. Boston, Atlanta, Denver, Phoenix na wenzao. Yaliyobaki 33 yana makao makuu madogo, mengine madogo kabisa: Montpelier ya Vermont ina watu wapatao 8,000, ambao kwetu wangeweza kuwa mtaa. Na kwa wale watakaouliza kuhusu Washington: jimbo la Washington liko Pasifiki na makao makuu yake ni Olympia, jiji la Washington haliko ndani ya jimbo lolote. Tusonge.

New York kwanza. Waholanzi walijenga ngome ya Fort Orange kwenye mto Hudson mwaka 1624 kwa biashara ya manyoya, na hapo ndipo Albany ilipo leo. Wakati wa vita vya uhuru jimbo jipya liliweka serikali yake Kingston mwaka 1777. Oktoba mwaka uleule Waingereza wakaufikia mji wakauchoma. Kwa miaka ishirini iliyofuata bunge likawa la kuhamahama, leo Poughkeepsie, kesho jiji la New York, keshokutwa Albany, na makaratasi yake kwapani. Mwaka 1797 likatua Albany moja kwa moja. Angalia tarehe hiyo vizuri. Jiji la New York halikuwa kijiji wakati huo. Lilikuwa limetoka tu kuwa makao ya serikali ya nchi nzima, na George Washington aliapishwa palepale Aprili 1789. Waliliacha wakilijua. Wakulima walikuwa wakimiminika kaskazini na magharibi, na Albany ndiyo iliyokuwa mlangoni kwao. Mfereji wa Erie ulipofunguliwa mwaka 1825, ndipo ulipokutania na Hudson. Sensa ya 2020 ilikuta watu milioni 8.8 jijini New York. Albany hawakufika 100,000. Gavana yuko Albany.

Sasa, kwa nini? Vitabu vina sentensi moja wanayoipenda: makao makuu yaliwekwa katikati ili kila mjumbe afike kwa urahisi. Si uongo. Mfano mzuri kuliko yote ni Florida. Marekani ilipoichukua kutoka kwa Wahispania kulikuwa na miji miwili ya maana, Pensacola magharibi na St. Augustine mashariki. Baraza la kwanza lilikaa Pensacola, na wajumbe wa mashariki wakasafiri baharini karibu miezi miwili kulifuata. Lililofuata likakaa St. Augustine, zamu ya wa magharibi kuteseka. Mwaka 1824 wakakubaliana wakutane njiani, na njiani ndiyo Tallahassee. Leo mtu wa Miami ana safari ya zaidi ya kilomita 700 kwenda kwenye hiyo "katikati", kwa sababu ilikuwa katikati ya miji miwili ambayo sasa hakuna anayeifikiria.

Ndiyo maana neno hilo huniudhi. Katikati ya nani? Na nani aliyekuwa na kiwanja hapo?

Chukua California. Bunge lake la kwanza lilikaa San Jose mwishoni mwa 1849, mahali padogo, mvua, matope, na pombe nyingi kiasi kwamba limebaki na jina la bunge la vinywaji elfu moja. Akajitokeza Mariano Vallejo, mwenye ardhi nyingi, akasema njooni kwangu, nitawapa viwanja na dola 370,000 za kujengea. Mwaka 1852 wajumbe wakafika Vallejo wakakuta jengo halijakamilika na hakuna pa kulala. Wakakimbilia Sacramento, wakarudi Vallejo, wakaenda Benicia, na mwaka 1854 wakatua Sacramento. Sacramento nayo ni bondeni, mito miwili inakutana pale. Januari 1862 mafuriko yalikuwa makubwa hata gavana mpya, Leland Stanford, alikwenda kuapishwa kwa mtumbwi, na bunge likahamia San Francisco kusubiri maji yashuke. Nani atanionyesha urahisi wa kufika hapo?

Au Illinois. Makao makuu yalianzia Kaskaskia, yakaenda Vandalia, na mwaka 1837 bunge likapiga kura yaende Springfield. Waliolisukuma jambo hilo walikuwa wajumbe tisa wa kaunti ya Sangamon, warefu wote mpaka wakaitwa Tisa Warefu, na mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Abraham Lincoln. Kitabu nilichosomea mimi kilisema waziwazi kwamba waliuza kura zao: sisi tutaunga mkono barabara na mifereji yenu, nanyi tupeni Springfield. Nimefundisha hivyo mwenyewe, kwa sauti ya kujiamini. Siku hizi siamini sana. Mpango wa mifereji na reli ulipita kweli kikao kilekile, na ulilitia jimbo kwenye deni lililolisumbua kwa miongo, lakini wanahistoria waliofuatilia kura moja moja hawakubaliani kama biashara hiyo ilifanyika. Yawezekana Springfield ilishinda tu kwa sababu watu walikuwa wamehamia upande wake na Vandalia haikuwa na wa kuitetea. Hadithi ya kuuziana kura ni tamu zaidi, na hilo peke yake lilipaswa kunitia wasiwasi.

Michigan ni kichekesho kingine. Detroit ilikuwa na kila kitu, lakini iko kandokando ya mto, na ng'ambo ya mto wakati huo ni Mwingereza wa Kanada. Mwaka 1847 wabunge wakatakiwa wachague makao ya kudumu. Kila mji ukajitaja wenyewe, hakuna aliyekubali wa mwenzake, mwisho wakaangukia kitongoji cha Lansing, msitu na nyumba za kuhesabu. Kilichagulika kwa sababu hakikuwa na adui.

Kuna na ile hoja ya pili ya vitabu: wakulima waliwaogopa wafanyabiashara wa bandarini, wakaivuta serikali ndani ya nchi. Nayo inaeleza mengi. Pennsylvania iliondoka Philadelphia mwaka 1799 kwenda Lancaster, kisha Harrisburg mwaka 1812. South Carolina iliamua mwaka 1786 kuiacha Charleston na kujenga Columbia. Lakini hoja hii inagonga mwamba Boston. Mwaka huohuo wa 1786 wakulima wa magharibi mwa Massachusetts walichukua silaha kwa ajili ya madeni na kodi za wakubwa wa Boston, yale maasi ya Shays. Kama hasira ya wakulima ingetosha kuhamisha bunge, lingehama wakati ule. Halikuondoka, na liko Boston mpaka leo. Kwa hiyo ninapoandika "kwa sababu ya hofu ya wakulima" kwenye maelezo ya ramani, mkono huwa mzito.

Nimefika penye kidonda. Nilisema mwandishi wetu alikosea Miami hata kwa kipimo chake mwenyewe cha ukubwa. Jiji la Florida lenye watu wengi zaidi ni Jacksonville: karibu 950,000 kwenye sensa ya 2020, Miami kama 442,000. Ukimwambia hivyo mtu aliyefika Florida atakucheka, na ana haki ya kucheka. Mwaka 1968 Jacksonville na kaunti yake ya Duval ziliunganishwa kuwa serikali moja, na jiji likajikuta na nchi kavu ya kilomita za mraba zaidi ya 1,900, mapori na vinamasi humohumo. Miami haifiki 100. Ukivuka barabara umeingia Coral Gables au Hialeah, kila moja na meya wake, nyumba zimeshikana na wewe hujaona mpaka. Ukihesabu mkusanyiko mzima, Miami inaimeza Jacksonville mara kadhaa.

Ni sawa na kupima utajiri wa mtu kwa mbuzi waliolala zizini kwake usiku mmoja, na wale aliowapeleka kwa shemeji usiwahesabu.

St. Louis, kule Missouri, ilifanya kinyume. Mwaka 1876 jiji lilijitenga na kaunti yake, likiona watu wa shamba wanalila kodi, na mpaka ukafungwa palepale ulipo leo. Mwaka 1950 lilikuwa na watu 856,000. Mwaka 2020, 301,000. Ukisoma takwimu hizo peke yake utadhani kumepita tauni. Viwanda vilikufa kweli na watu walihama kweli, lakini wengi walivuka tu ule mpaka wa 1876 wakajenga upande wa pili, na kazini wanarudi palepale. Atlanta vivyo hivyo: watu kama nusu milioni ndani ya mipaka, zaidi ya milioni sita ukihesabu vitongoji vyake.

Columbus ya Ohio ilijua mchezo huu. Ilikatwa msituni mwaka 1812 makusudi iwe makao makuu, serikali ikahamia 1816, na kwa zaidi ya karne ikaishi chini ya kivuli cha Cincinnati na Cleveland. Miaka ya 1950 meya wake, Jack Sensenbrenner, akashika msimamo mmoja: kitongoji kinachotaka maji na maji taka ya jiji kwanza kijiunge na jiji. Cleveland, iliyozungukwa na miji midogo pande zote, haikuwa na pa kutanukia, na viwanda vyake vikapungua. Leo Columbus ina watu wapatao 900,000 na Cleveland hawafiki 400,000. Hapo makao makuu yamekuwa jiji kubwa, na sehemu ya ukubwa huo ilipitia kwenye bomba.

Kwa hiyo hata ile 17 niliyowatambia hapo juu si ya kuchonga kwenye jiwe. Nashville, makao makuu ya Tennessee, imeipita Memphis ya jimbo hilohilo katika miaka ya karibuni tu, ikisaidiwa na muungano wake na kaunti ya Davidson wa mwaka 1963. Columbia, kule South Carolina, ilikuwemo, ikapitwa na Charleston ileile iliyoachwa 1786. Ndiyo maana kwenye majedwali nadai safu mbili, ya watu ndani ya mipaka na ya watu pamoja na vitongoji, na kila mara naambiwa ukurasa hautoshi.

Juneau, Alaska, nimeipenda siku zote. Hakuna barabara ya kuiunganisha na jimbo lake. Unafika kwa ndege au kwa meli. Anchorage, jiji kubwa la jimbo hilo, ina watu mara tisa yake. Mwaka 1974 wananchi walipiga kura makao makuu yahame, 1976 wakachagua Willow, na 1982, walipoonyeshwa gharama, wakakataa kulipa. Wabunge wanaendelea kupanda ndege.

Mwandishi wangu alisikiliza haya yote kwa adabu, akasahihisha mistari yake mitano, kisha akauliza kama angalau Kansas City iko Kansas. Iko moja huko, ndogo. Ile kubwa, yenye watu zaidi ya 500,000, iko Missouri, na ndiyo jiji kubwa la jimbo hilo. Makao makuu ni Jefferson City. Jina lilitoka kwa mto Kansas unaoingia mto Missouri hapohapo. Mji ulisajiliwa kwa jina hilo mwaka 1850, na eneo la Kansas lenyewe likaundwa na bunge la Marekani miaka minne baadaye.