Kilomita ni zilezile, kwa nini kwenda New York ni saa nyingi kuliko kurudi?

Januari 2019 shangazi yangu alinionyesha tiketi yake ya Nairobi–New York, ndege ya moja kwa moja, huduma iliyokuwa imeanza Oktoba 2018. Kuondoka 23:25, kufika 06:25. Akahesabu kwa vidole. "Saa saba tu?" Nikamwambia, shangazi, ongeza nane. Kila mji umeandikiwa saa yake, na majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Safari ni saa 15. (Kuanzia Machi hadi Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikabaki saba.)

Kazi yangu ni kupanga safari za ndege: njia, mafuta, uzito. Ukitaka kuijua njia yenyewe, weka ramani ya ukutani kando. Rula juu ya ramani hiyo itakupitisha Nigeria, Mali na Mauritania. Sasa chukua tufe na uzi, uvute kutoka Nairobi hadi New York mpaka ukaze. Uzi unapanda kaskazini zaidi: karibu na Juba, Chad, katikati ya Sahara, Morocco, kisha visiwa vya Azores baharini. Hiyo ndiyo njia fupi, kilomita 11,840 hivi. Ndege haiufuati uzi huo sawasawa; tangu vita vizuke Sudan Aprili 2023, kwa mfano, mashirika mengi yanaikwepa anga yake.

Halafu kuna upepo, na hapa ndipo muda unapopotea. Kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 12, juu ya Atlantiki, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na hukaza zaidi majira ya baridi. Boeing 787 hukata hewa kwa takriban kilomita 900 kwa saa. Upepo wa mbele ukikula wastani wa 70, unabaki na 830: zaidi ya saa 14 angani. Ukirudi na upepo wa mgongoni wa 50, unapata 950, yaani saa 12 na nusu hivi. Ndiyo maana kila safari tunaisomea upepo upya kabla ya kuhesabu mafuta.

Na mafuta ni uzito. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi: mabawa hayainui vizuri, injini hazisukumi kwa nguvu zake zote. Ukiondoka adhuhuri na mafuta ya kufika Marekani, itabidi uache abiria au mizigo. Usiku hewa hupoa, ikawa nzito, na ndege ikabeba zaidi.

Shangazi alitamani kuondoka saa sita mchana, apate kulala vizuri kwanza. Nilimweleza hayo ya hewa na uzito tukiwa tumekaa juu ya masanduku yake, na saa tatu usiku tukaanza safari ya kwenda uwanjani.