Chakra ya mzizi, kwa sisi tunaoishi juu ya mawe ya volkano

Chakra, kwa mapokeo ya yoga, ni vituo vya nishati mwilini. Mtu akinijia kwenye mafunzo ya yoga akisema chakra yake ya mzizi imeziba, kwanza namuuliza habari za nyumbani. Kodi imelipwa? Watoto walilala wamekula? Mara nyingi jibu liko hapo hapo, na hakuna pumzi itakayolipa kodi. Naanza na hili kwa sababu simu zetu zimejaa video zinazodai kwamba hofu yoyote ya riziki na usalama ni nishati iliyokwama chini ya uti wa mgongo. Hapa Goma, mwenye hofu kwa kawaida ana sababu yake.

Chakra yenyewe ni ipi basi? Inaitwa Muladhara, ya kwanza kutoka chini, na huwekwa pale kwenye msamba, chini ya mwisho wa uti wa mgongo. Maelezo yanayofuatwa na wengi yanatoka katika maandishi ya Kisanskriti ya Purnananda, ya mwaka 1577, ambayo John Woodroffe, jaji wa Calcutta, aliyatoa kwa Kiingereza mwaka 1919. Humo Muladhara ni ua jekundu la petali nne. Katikati yake kuna mraba wa manjano, alama ya udongo, kuna tembo, kuna silabi LAM, na Kundalini, nguvu iliyofichika ndani ya mtu, amelala akijiviringisha kama nyoka. Kodi haimo. Kazi haimo, wala utoto mgumu. Yogi wa zamani alitafakari ili avuke mambo ya dunia; kulala vizuri usiku hakukuwa shida yake. Kuifunganisha chakra hii na pesa, makazi na hisia ya usalama ni kazi ya walimu wa Ulaya na Marekani wa karne ya 20 zaidi. Sioni ubaya, hata mimi nafundisha hivyo, ila mwanafunzi ajue kipi kimetoka wapi. Tena ajue kwamba hakuna picha ya hospitali itakayomwonyesha chakra. Ni ramani ya kutafakari.

Ramani hiyo inatufaa kwenye mwili. Tangu Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na ardhi ikaendelea kutetemeka siku kadhaa, wapo watu hapa ambao lori zito likipita tu wanashika ukuta. Vita nayo imeongeza yake. Mwili wa namna hiyo umehamia mabegani: pumzi fupi, meno yamebanwa, makalio yamekazwa hata mtu akiwa ameketi. Kazi yetu ni kuurudisha uzito chini.

Mtandaoni watakushauri utembee miguu mitupu kwenye nyasi. Nyasi zipi? Kwenye kartie (mitaa) zilizojengwa juu ya lava, mawe yale meusi yatakuchana nyayo kabla hujatulia. Sisi tunasimama kwenye sakafu ya saruji, miguu imeachana kwa upana wa nyonga, magoti yamelegea kidogo. Unaupeleka uzito kwenye vidole, unaurudisha kwenye visigino, polepole, mpaka wayo mzima ukanyage. Kisha unavuta pumzi kwa hesabu ya nne, unaitoa kwa sita. Moyo huenda mbio kidogo tunapovuta na hupunguza mwendo tunapotoa, ndiyo maana kurefusha kutoa kunatuliza. Hapo sihitaji chakra kueleza kitu.

Halafu tunachuchumaa, visigino chini. Wamama wananicheka nikiliita hili zoezi: “Mwalimu, si ndivyo tunavyowasha babula kila asubuhi?” Ndivyo kabisa. Tofauti ni kwamba kwenye babula, jiko letu la makaa, unapuliza makala, na hapa unaiacha pumzi ishuke hadi chini ya kitovu. Mwenye magoti mabovu akalie kigoda. Mjamzito amuulize mkunga kwanza.

LAM tunaitamka kwa sauti nzito, ile M ikivutwa mpaka kifua kitetemeke. Kila mara kuna anayeuliza kama tunaita mashetani. Ni silabi ya mapokeo ya Kihindu, sifichi. Ambaye imani yake inamkataza, avume tu mdomo ukiwa umefungwa. Pumzi itarefuka vile vile. Mawe na mishumaa myekundu inayouzwa kwa bei za ajabu, hiyo sina la kuisemea.

Kuna sharti moja silegezi. Katika mji ambako ubakaji umetumika kama silaha, kumwamuru mtu afumbe macho na kupeleka mawazo kwenye nyonga kunaweza kumrudisha pale pale alipoumizwa. Kwangu macho yanabaki wazi, mlango unaonekana, simshiki mtu, na anayetaka kuishia kwenye nyayo anaishia hapo. Jinamizi, usingizi unaokatika wiki baada ya wiki, mwili kufa ganzi: hayo apelekewe daktari au mwanasaikolojia. Hapa mjini hospitali ya HEAL Africa imewapokea manusura wa ubakaji kwa miaka mingi. Akishaanza huko, mkeka wake darasani upo, na wapo wanaoendelea na yote mawili.