Je, Wajua Kwa Nini Mitungi ya Kale ya Ugiriki Imejaa Maduara na Mistari?

Mitungi iliyofinyangwa Athens kati ya mwaka 900 na 700 KK hutambulika kwa mbali. Mistari myembamba imeuzunguka mwili mzima wa mtungi, na katikati yake zimepangwa pembetatu, miraba midogo, na ule mkunjo wa pembe mraba uitwao meanda, unaokwenda mbele, ukarudi nyuma, kisha ukaendelea tena. Kwa nini wafinyanzi hao walichagua maumbo ya jiometri badala ya maua, samaki au watu?

Haikuwa kwamba viumbe havikuwahi kuchorwa katika eneo hilo. Zaidi ya miaka 500 kabla ya hapo, wafinyanzi wa kisiwa cha Krete walikuwa wakichora pweza ambaye mikono yake imejiviringisha kuzunguka chombo kizima. Sanaa hiyo ilififia baada ya majumba ya watawala wa Mycenae, Ugiriki bara, kuporomoka, karibu mwaka 1200 KK. Walichobaki nacho wafinyanzi ni udongo, gurudumu na brashi. Ukiwa na hivyo vitatu tu, umbo la jiometri ndilo linalokujia kwanza.

Mstari wa mlalo huchorwa hivi: mtungi uliokauka nusu huwekwa katikati ya gurudumu, gurudumu huzungushwa polepole, na brashi hugusa udongo bila kusogea. Mtungi ndio unaojichora. Ukikaa pembeni kidogo ya kitovu, mstari hunenepa upande mmoja na kukonda upande wa pili. Mkono nao ukipanda au kushuka, ncha mbili za mstari hazikutani.

Maduara yalihitaji kifaa kingine. Kuanzia karibu mwaka 1050 KK, mafundi wa Athens walitumia aina ya bikari iliyofungwa brashi kadhaa kwa pamoja. Mguu mmoja ulikita kwenye udongo, na brashi zote zikazunguka kwa mpigo mmoja, zikaacha maduara mengi yenye kitovu kimoja. Ushahidi upo kwenye vyombo vyenyewe: katikati ya maduara hayo mara nyingi kuna kitobo kidogo cha ncha ya bikari. Tena, nafasi kati ya duara na duara hazilingani, lakini kutolingana huko hujirudia vilevile katika kila seti ya chombo hicho, kwa sababu brashi ni zilezile. Mkono mtupu usingeweza kurudia kosa kwa usahihi wa namna hiyo.

Meanda ndiyo iliyowatesa zaidi, kwa sababu mtungi ni mviringo na pambo lazima lijifunge pale lilipoanzia. Chukua mtungi wenye kipenyo cha sentimita 30. Mzingo wake ni kama sentimita 94. Kila mkunjo ukiwa na upana wa sentimita 4, itaingia mikunjo 23 na nusu, na nusu hiyo haina pa kwenda. Fundi anayepima mapema huupunguza kila mkunjo kwa chini ya milimita moja, akapata 24 kamili, na jicho halioni tofauti. Asiyepima hufika mwisho akalazimika kuubana mkunjo wa mwisho au kuuziba kwa mistari. Mshonaji wa kofia ya vito anaujua mtihani huu: ukanda wa kofia ukiunganishwa, ua lililokatwa nusu haliwezi kufichwa. Kwa hiyo ukikutana na mtungi wa aina hii makumbushoni, zunguka nyuma yake na utafute pale pambo linapokutana. Hapo ndipo utakapompima fundi.

Mpangilio nao ulikuwa na utaratibu wake. Kingo za meanda zilichorwa kwanza kwa brashi nyembamba, kisha ndani ikajazwa mistari ya mshazari. Kazi bora kuliko zote za namna hii ni mtungi mkubwa wa makaburi ya Dipylon, wa karibu mwaka 750 KK, uliopo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens. Una kimo cha mita 1.55, na kwa ukubwa huo ulifinyangwa vipande vipande, vikaunganishwa. Ulisimamishwa juu ya kaburi la mwanamke. Shingo yake inakaribia nusu ya urefu wa tumbo, na sehemu pana kabisa inakaribia nusu ya kimo chote, kwa hiyo hesabu ilianza kabla hata brashi haijaguswa. Kati ya mikono ya mtungi watu wamerudi: marehemu amelazwa kitandani, na waombolezaji wamesimama mikono kichwani. Lakini tazama miili yao. Kila kifua ni pembetatu iliyosimama kwa ncha. Mchoraji alimchukua binadamu akamtengeneza kwa maumbo yaleyale ya kingoni, ili asilivunje pambo.

Weusi wa michoro hii hautokani na rangi ya kununua. Ni udongo uleule wa mtungi, ila ulioyeyushwa kwenye maji, chembe kubwa zikaachwa zizame, na rojo laini la juu likachotwa. Wakati wa kuchora, rojo na mtungi hukaribiana sana kwa rangi, hivyo fundi alichora kitu ambacho alikiona kwa shida. Tofauti hutokea tanurini, kwa hatua tatu.

Kwanza moto hupandishwa hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi huku hewa ikiingia, na kila kitu huwa chekundu. Kisha matundu huzibwa, kuni mbichi huongezwa, na joto hupanda kupita nyuzi 900. Oksijeni ikipungua, chuma kilichomo udongoni hugeuka cheusi, mtungi mzima pamoja na michoro, na rojo lile laini hugandamana likawa kama kioo. Mwisho matundu hufunguliwa. Hewa hupenya mwili wa mtungi, ambao una vinyweleo, ukarudi kuwa mwekundu, ilhali michoro iliyokwisha kujifunga haipitishi hewa, hivyo hubaki myeusi.

Hatua ya pili isipofika joto la kutosha, rojo halijifungi na michoro hurudia wekundu. Joto likizidi, mwili nao hujifunga na mtungi hutoka wa kijivu. Rojo likipakwa jembamba mno, weusi huwa kahawia.

Karibu mwaka 700 KK biashara na nchi za mashariki ilileta simba, wanyama wenye mabawa na majani yanayojipinda, na jiometri ikasukumwa pembezoni. Wasanii wa karne ya 20 walioirudisha katikati hawakuwa wanafunzi wa wafinyanzi wa Athens. Walifika hapo kwa kuiondoa picha, hatua kwa hatua. Mwaka 1904 mchoraji Mfaransa Paul Cézanne alimwandikia mwenzake Émile Bernard amshauri ayaone maumbile kwa mcheduara (umbo la mkebe), tufe na koni. Mwaka 1915 mchoraji Kazimir Malevich alionyesha mjini Petrograd mraba mweusi juu ya weupe, basi. Mraba huo hauna pembe kamili. Aliupaka juu ya picha nyingine, na leo weusi umejaa nyufa zinazoonyesha rangi zilizofunikwa chini.

Kuna jambo ambalo mtungi unalo na turubai ya kuchorea haina: mtungi una kitako, kwa hiyo juu na chini vinajulikana. Mchoraji Mholanzi Piet Mondrian, akiwa New York mwaka 1941, alipanga mistari ya kazi yake New York City I kwa utepe wa rangi wenye gundi, kwa kuwa utepe hubanduliwa na kusogezwa hadi mizani ya mistari ikae sawa. Kazi hiyo haikukamilika wala haina sahihi. Mwaka 2022 jumba la sanaa la Düsseldorf, Ujerumani, lilitangaza kwamba huenda imetundikwa kichwa chini kwa miongo mingi: picha ya karakana ya Mondrian ya mwaka 1944 inaionyesha mistari yake iliyosongamana ikiwa juu, si chini. Hata hivyo hawakuigeuza. Gundi ya tepe hizo imechoka, na kuigeuza kungeweza kuziangusha.