Usomaji wa Ramani kwa Watoto Wadogo: Maana Yake na Mahali pa Kuanzia

Usomaji wa ramani kwa watoto wadogo ni uwezo wa kuoanisha mchoro na mahali halisi. Mtoto hutazama alama iliyo kwenye karatasi, hutambua inasimamia kitu gani, kisha huweza kukionyesha kitu hicho kilipo au kukiendea kwa miguu yake. Kutaja majina ya mikoa, mito na maziwa yaliyoandikwa kwenye ramani ya ukutani ni jambo jingine, kwa kuwa mtoto anaweza kuyakariri yote kwa wimbo na bado akashindwa kuonyesha, katika mchoro wa darasa lake mwenyewe, dawati analokalia liko upande gani.

Uwezo huo huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Judy DeLoache, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo mtoto alionyeshwa mwanasesere mdogo akifichwa ndani ya kielelezo kidogo cha chumba, kisha akaambiwa kwamba mwanasesere mkubwa amefichwa mahali palepale katika chumba chenyewe. Wengi wa watoto waliokuwa wametimiza miaka mitatu walimpata bila shida, lakini wenzao wa miaka miwili na nusu walishindwa, ingawa walikumbuka vizuri mahali alipofichwa yule mdogo. Kilichowapungukia hakikuwa kumbukumbu. Hawakuwa wametambua kwamba kielelezo kile kilikuwa kinatoa habari za chumba kingine.

Hatua ya kwanza ya mafunzo, basi, ni kumzoeza mtoto kuona vitu kutoka juu, kama ndege anayeruka anavyoviona. Mtoto wa chekechea akiambiwa achore meza, huichora na miguu yake yote minne, kwa sababu anajua meza ina miguu minne, wala haoni sababu ya kuificha. Mwalimu anaweza kuweka kikombe, sufuria na kiberiti sakafuni, akawataka watoto wasimame na kuvitazama kwa kuinama, kisha wavizungushie chaki na kuviondoa. Kinachobaki sakafuni ni duara dogo, duara kubwa lenye masikio mawili, na mstatili. Hiyo tayari ni ramani, tena ni ramani ambayo vipimo vyake ni sawa na vya vitu vyenyewe, hivyo mtoto hasumbuliwi bado na suala la kupunguza ukubwa.

Baada ya hapo huja alama, na hapa watu wazima hupotoka kwa urahisi kwa kudhani kwamba alama zinajieleza. Watafiti Lynn Liben na Roger Downs, waliowahoji watoto wadogo wa Marekani kuhusu ramani, waliwakuta waliodhani kwamba barabara iliyochorwa kwa mstari mwekundu ni nyekundu kweli, na pia aliyekataa kwamba mstari fulani ni barabara kwa kuwa ulikuwa mwembamba mno magari mawili yasingeweza kupishana. Makosa hayo yana mantiki yake. Mtoto ameshaelewa kwamba mchoro unafanana na kitu, ila hajajua kwamba baadhi ya sifa za mchoro huchaguliwa na mchoraji tu. Dawa yake si kumsomea ufunguo wa ramani, yaani orodha ya alama na maana zake, ulioandaliwa na mwingine. Ni kumwachia abuni alama zake mwenyewe za mlango, kisima na mwembe wa shuleni, aziorodheshe pembeni mwa mchoro, kisha ampe mwenzake karatasi hiyo aitumie kutafuta kitu kilichofichwa. Mwenzake akipotea, mchoraji ataona mara moja alama ipi haikueleweka.

Suala la mwelekeo ndilo linalofundishwa vibaya zaidi, na kwa maoni yangu chanzo kikubwa ni ule ukuta. Ramani ikitundikwa, kaskazini huwa juu kuelekea dari, na mtoto huamini kwamba kaskazini ni kupanda na kusini ni kushuka. Imani hiyo huleta taabu baadaye anapoambiwa kwamba Mto Naili unatoka Ziwa Victoria pale Jinja na kutiririka kuelekea kaskazini hadi Bahari ya Mediterania, maana kwenye ukuta maji hayo yanaonekana yakipanda. Kuweka kaskazini juu ni desturi tu ya wachoraji. Ramani ya dunia aliyoikamilisha al-Idrisi huko Sicilia mwaka 1154 iliweka kusini juu, na haikuwa na kosa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ramani ya mtoto ilazwe sakafuni au juu ya meza, kisha izungushwe mpaka mlango uliochorwa uelekee mlango halisi na dirisha lielekee dirisha. Kuizungusha ramani namna hiyo ndiyo stadi ambayo hata watembea milimani huitumia.

Pande kuu nne zifundishwe nje ya darasa, asubuhi. Mtoto akielekea jua linakochomoza, mbele yake ni mashariki, nyuma ni magharibi, mkono wa kushoto ni kaskazini na wa kulia ni kusini. Ni kweli kwamba mwezi Juni jua huchomoza likiwa limesogea kaskazini kidogo, na Desemba kusini kidogo, lakini kwa umri huu tofauti hiyo haina uzito. Lenye uzito ni kutahadhari na kanuni zilizotungwa Ulaya, kama ile isemayo kwamba kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini. Dar es Salaam kanuni hiyo hutoa jibu lililopinduka kwa miezi mingi, kwani ni kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari tu ambapo jua la adhuhuri hupita upande wa kusini. Watu wa pwani wana alama nyingine isiyobadilika na majira: Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, hivyo mihrabu ya msikiti wa mtaani, yaani sehemu ya ukuta inayoelekea Makka, humwonyesha mtoto kaskazini saa yoyote. Kigoma, iliyo mbali magharibi, kibla, yaani upande wa Makka, huinama kuelekea mashariki kidogo.

Skeli, yaani uwiano kati ya vipimo vya ramani na vya ardhini, ingoje. Kabla mtoto hajaweza kuzidisha, inatosha apime darasa kwa hatua na kulichora kwa kanuni kwamba hatua moja ni mraba mmoja wa daftari la hesabu, ili aone kwamba ubao wa hatua nne hauwezi kuchukua miraba tisa. Namba kama 1:2,000,000 huja miaka kadhaa baadaye, na hapo maana yake itakuwa nyepesi: sentimita 1 kwenye karatasi ni kilomita 20 ardhini. Kwa kipimo hicho Dar es Salaam na Dodoma zimeachana kwa takribani sentimita 20, yaani kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka, ilhali basi linalopitia Morogoro hutembea takribani kilomita 450. Uzi uliolazwa juu ya barabara na kufuata kona zake, kisha ukanyooshwa kwenye rula, utakaribia zaidi urefu huo wa barabara kuliko rula pekee, na zoezi hilo linawafaa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi.