Nyutrino ni nini, na kwa nini inafuatwa hadi chini ya migodi?

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji ya umeme, nyepesi kuliko chembe nyingine zote zenye tungamo tunazozijua, na karibu haigusani na kitu chochote. Kila sekunde, nyutrino takriban bilioni 65 kutoka kwenye Jua hupita katika kila sentimita moja ya mraba, yaani eneo la ukucha wa kidole gumba. Usiku nazo zinapita vilevile, ila zinaingilia chini: zinapenya Dunia nzima na kutokea miguuni mwako. Hazidhuru, kwa sababu ileile inayofanya ziwe ngumu kunaswa.

Wazo la nyutrino lilitokana na hesabu iliyokataa kulingana. Atomu fulani nururifu, yaani zinazotoa mionzi, hutoa elektroni, lakini nishati ya elektroni hizo ilikuwa pungufu kuliko ilivyotarajiwa. Desemba 1930 mwanafizikia Wolfgang Pauli aliandikia wenzake waliokutana Tübingen, Ujerumani, akipendekeza kuwa nishati hiyo inachukuliwa na chembe isiyoonekana. Mwenyewe hakwenda, alikuwa na dansi Zürich. Ilibidi kusubiri hadi 1956, Clyde Cowan na Frederick Reines walipoinasa karibu na kinu cha nyuklia huko South Carolina, Marekani.

Thamani ya chembe hii inaonekana vizuri ukifuata safari ya joto ndani ya Jua. Katikati kabisa, viini vya haidrojeni vinaungana kuwa heli na kutoa nishati. Nishati hiyo haitoki moja kwa moja. Mwanga hugonga chembe, ukageuza njia, ukagonga tena. Hivyo ndivyo joto linavyosafiri karibu asilimia 70 ya njia ya kwenda nje. Sehemu iliyobaki gesi yenye moto hupanda na iliyopoa hushuka, kama uji unaotokota sufuriani. Safari nzima huchukua makumi ya maelfu ya miaka au zaidi. Nyutrino zilizozaliwa katika tukio lilelile hutoka ndani ya Jua kwa sekunde mbili na kitu, na baada ya dakika nane zimefika kwetu. Kwa hiyo mwanga unaouona leo unabeba nishati ya zamani sana, lakini nyutrino zinaleta habari za kiini cha Jua kilivyo sasa hivi.

Mwanasayansi Raymond Davis alizisubiri habari hizo ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, ambako mwamba huzuia sehemu kubwa ya chembe nyingine zinazotoka angani. Chombo chake kilikuwa tangi la lita 380,000 za dawa ya kufulia nguo za dobi, kemikali yenye klorini nyingi. Alipata kama theluthi moja tu ya nyutrino zilizokokotolewa na mwananadharia John Bahcall. Kwa miaka mingi wengi walidhani kuna kasoro katika jaribio au katika hesabu za Jua. Vyote viwili vilikuwa sawa. Nyutrino ziko za aina tatu, na zinabadilika aina zikiwa njiani. Tangi la Davis liliweza kuona aina moja tu. Ushahidi ulipatikana katika kituo cha nyutrino cha Super-Kamiokande, Japani, mwaka 1998, kisha katika maabara ya Sudbury, Kanada, na mwaka 2015 Takaaki Kajita na Arthur McDonald wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kubadilika huko kunawezekana tu kama nyutrino ina tungamo, jambo ambalo nadharia kuu ya chembe haikuwa imelipangia nafasi. Katika kutafuta nadharia pana zaidi, baadhi ya wananadharia wameegemea supasimetria, wazo kwamba kila chembe ina mwenzi wake mzito. Ni wazo zuri kwenye karatasi. Mtambo mkubwa wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, hata hivyo, haujampata mwenzi hata mmoja, na kwa maoni yangu majaribio ya nyutrino yametufundisha mengi zaidi.

Dunia nayo ina siri ya joto. Takriban terawati 47, yaani wati trilioni 47, hupenya kutoka ndani kuja juu ya ardhi, na hakuna kisima kinachoweza kufika huko kuuliza zinatoka wapi. Lakini atomu za urani na thoriamu zinapovunjika hutoa nyutrino kinzani (pacha wa nyutrino wa upande wa antimata) pamoja na joto. Kwa kuzihesabu, wanasayansi wa kituo cha nyutrino cha KamLAND huko Japani walionyesha mwaka 2011 kuwa karibu nusu ya joto hilo linatokana na madini nururifu. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni joto la tangu Dunia ilipoumbika.

Siku hizi kazi ngumu zaidi ni kuchambua. IceCube, chombo cha kunasa nyutrino chenye vihisio 5,160 ndani ya kilomita moja ya ujazo ya barafu kwenye Ncha ya Kusini, hufunikwa na mamilioni ya ishara zisizo za nyutrino. Watafiti wake waliifundisha mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano, kwa matukio yaliyoigizwa kwenye kompyuta ambayo jibu lake lilishajulikana, kisha wakaipa data ya miaka kumi. Mwaka 2023 walitangaza kuona nyutrino zitokazo kwenye galaksi yetu, Njia Nyeupe. Bado haijulikani ni ipi kati ya tungamo tatu za nyutrino iliyo ndogo kuliko zote. JUNO, tangi lenye tani 20,000 za kimiminika lililoanza kukusanya data China mwaka 2025, limejengwa kwa swali hilo.