Msikiti wa kale wa Pwani husomwa kuanzia kibla

Mtu akinitumia picha ya msikiti wa kale na kuniuliza una umri gani, mara nyingi picha yenyewe ni ya mlango. Mlango ni mzuri, sikatai, hasa ukiwa wa nakshi. Lakini milango hubadilishwa, huuzwa, huliwa na mchwa. Mimi humjibu: zunguka nyuma, unipigie ukuta wa kaskazini kwa nje.

Kazi yangu ni kupima na kukarabati majengo ya mawe ya Pwani, na misikiti hunichukulia muda mwingi kuliko nyumba. Ukuta wa kaskazini nautaka kwa sababu Makka imekaa kaskazini yetu, karibu mstari mmoja na mwambao wetu. Ukisimama Mombasa, kibla, yaani upande wa Makka unaoelekewa katika sala, hakitofautiani na kaskazini halisi hata kwa nyuzi moja. Lamu kinaelekea magharibi kidogo, Unguja mashariki kidogo. Kwa hiyo hata gofu lisilo na paa, lililofunikwa na mizizi na magugu, hujitambulisha: ukuta wake wa kaskazini una kijisehemu kilichochomoza nje, na huo ndio mgongo wa mihrabu. Nyumba haina kitu hicho. Mafundi wetu hawakuridhika kuichimba mihrabu ndani ya unene wa ukuta. Waliisukuma nje, ikawa kama kijichumba cha imamu. Misikiti ya Unguja ya Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi ndiyo iliyoshika njia nyingine, mihrabu ikazama ukutani na jengo zima likabaki bila mapambo.

Mahali panapotufundisha zaidi juu ya mwanzo wa misikiti hii ni Shanga, kisiwani Pate. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale katika miaka ya 1980. Chini ya magofu ya msikiti wa mawe alikuta alama za mashimo ya nguzo za miti, za msikiti mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa ni wa karne ya 8. Ulikuwa mdogo, wa kuenea watu wachache tu, na kibla chake hakikulenga vizuri. Waliofuata walikirekebisha. Vitabu vingi vya zamani vilieleza kwamba misikiti yetu ilikuja imekamilika, ikiletwa na Washirazi au Waarabu waliotia nanga pamoja na mafundi wao. Shanga inaonyesha jambo jingine: kibanda cha miti, kisha kibanda kikubwa zaidi, kisha mawe, pale pale, kizazi hadi kizazi. Ujenzi ulikua kadiri waumini walivyokua.

Sisemi kwamba wageni hawakuwepo. Nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ambako watalii hupita mbio kwenda kutazama pomboo. Kwa nje utauona msikiti wa kawaida kabisa wa kijijini, una paa la mabati. Ndani, kwenye mihrabu, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, herufi zake zimechanua mashina na majani. Yanamtaja Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad na mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mtindo wake unafanana sana na kazi za Siraf, bandari ya Uajemi iliyofanya biashara na Pwani yetu. Ama mchongaji alitoka huko, ama alifundishwa na waliotoka huko. Jiwe, hata hivyo, ni la bahari yetu. Na ukiusoma huo mwaka, usiubandike jengo zima: sehemu kubwa ya kuta za leo ni za ukarabati wa karne ya 18. Msikiti unaosaliwa hauachi kukarabatiwa, na mara nyingi mihrabu ndiyo inayohurumiwa peke yake. Ndiyo maana naanzia hapo.

Jiwe lenyewe lina siri yake. Mafundi wa kale walitumia aina mbili. Moja ni matumbawe yanayokatwa baharini yangali mabichi. Wakati huo ni laini, yanachongeka, na yakishakauka juani huwa magumu. Haya yaliwekwa penye macho ya watu: mihrabu, matao, kingo za milango. Aina ya pili ni mawe ya nchi kavu, ya matumbawe ya zamani sana, magumu, hayana umbo. Hayo yalijazwa kwenye kuta pamoja na chokaa kwa wingi. Chokaa nayo ni matumbawe hayo hayo, yaliyochomwa juu ya lundo la magogo, yakazimwa kwa maji na kuachwa yalale muda mrefu kabla ya kutumika. Msikiti wa kale, ukitoa miti ya paa, ni bahari tupu iliyopangwa upya.

Na hiyo miti ya paa ndiyo iliyoamua umbo la ndani. Boriti ya mkoko hubeba dari zito la mawe na chokaa vizuri mradi usiitandaze mbali mno. Mita mbili na nusu, tatu hivi, basi. Ukitaka msikiti mpana zaidi ya hapo, lazima uongeze safu ya nguzo. Matokeo yake ni jambo linalowashangaza wanafunzi wangu: katika misikiti mingi ya Pwani, safu moja ya nguzo inapita katikati kabisa, na aliyesimama nyuma haioni mihrabu, anaona nguzo. Pale kwenye magofu ya mji wa Gedi, katika msikiti mkuu, ndivyo ilivyo. Wengine wameliita kosa la ujenzi. Sioni kosa. Maamuma, anayesali nyuma ya imamu, hahitaji kuiona mihrabu. Anahitaji kusikia sauti na kunyoosha safu, na nguzo humsaidia kunyoosha safu.

Mahali ambapo watu walijaribu kuikimbia boriti ni Kilwa Kisiwani. Msikiti mkuu ulianza kama jumba la wastani upande wa kaskazini, karne ya 11 au 12. Mwanzoni mwa karne ya 14 dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita Kilwa, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule mwenye jumba la Husuni Kubwa, akauongeza kusini kwa sehemu kubwa mara kadhaa kuliko ule wa awali, akaufunika kwa makuba. Hapakuwa na kitu kama hicho mwambao mzima. Nguzo zake zilikuwa za jiwe moja moja la matumbawe, refu, lililochongwa kutoka baharini. Fikiria uzito wa makuba ya mawe juu ya nguzo ya namna hiyo! Paa lilianguka. Lilijengwa upya karne ya 15, na safari hii nguzo zilijengwa kwa mawe madogo na chokaa, zikawa nene, zenye pembe nane. Hizo ndizo unazozipiga picha leo. Nikiwa na mafundi wachanga huwasimamisha hapo nikawauliza kwa nini nguzo nene ya vipande imedumu na nguzo nyembamba ya jiwe zima imeshindwa. Anayejibu kwamba chokaa hukubali kuyumba kidogo bila kupasuka namtia alama.

Sasa mnara. Ukiwa na picha ya Kairo au Istanbul kichwani utautafuta, na mara nyingi utaukosa. Mogadishu ilikuwa nao mapema, ule wa msikiti wa Ijumaa wa Hamar Weyne wenye maandishi ya mwaka 1238. Kuanzia Lamu kushuka chini, mwadhini alitosheka na dari: msikiti ulijengewa ngazi ya mawe pembeni, akapanda, akaadhini. Minara tuliyo nayo inahesabika. Kuna wa Shela, kwenye msikiti wa 1829, wa Mandhry pale Mombasa, na wa msikiti wa Malindi katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambao ni wa mviringo na huchongoka kuelekea juu. Pale Moroni, Ngazija, msikiti wa zamani wa Ijumaa ni wa 1427 lakini mnara wake uliongezwa 1921. Kwa hiyo mtu akiniambia mnara ndio alama ya msikiti wa Mswahili wa kale, namwomba anitajie mitatu zaidi ya hii. Zaidi ya hayo, wageni wengi huziona nguzo za makaburi wakadhani ni minara. Nguzo ya Mbaraki, Mombasa, nayo imewapoteza wengi. Na Takwa, kisiwani Manda, fundi aliamua kuwachanganya kabisa: alisimamisha nguzo juu ya ukuta wa kibla wa msikiti wenyewe.

Ukimaliza kibla, tafuta maji. Kisima, birika, na mfereji mwembamba wa chokaa unaoviunganisha, kwa kawaida karibu na mlango. Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa 1331, na katika yote aliyoyaona akasimama kwenye jambo hili: misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kila mlango una kisima kimoja au viwili vifupi, watu wanateka kwa chombo cha mti chenye mpini, wanaosha miguu, wanaifuta kwenye mkeka mgumu, ndipo wanaingia. Ukienda Gedi leo utakuta kwenye birika vipande vya matumbawe vyenye uso wa kukwaruza, vya kusugulia miguu. Misikiti ya mbao aliyoiona yeye imekwisha kabisa. Tunapozungumza juu ya misikiti ya kale tunazungumza juu ya iliyojengwa kwa mawe, na hiyo ilikuwa ya wenye mali. Misikiti ya udongo na makuti, ambayo bila shaka ndiyo iliyokuwa mingi, haikuacha gofu la kupima.

Nifike kwenye kinachoniudhi, nacho ni saruji. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini pamoja na chumvi, hutokea kwenye lipu ya chokaa, hukauka. Lipu ikimeng'enyuka, unaipaka upya. Ndiyo kazi yake. Ukipaka saruji umeziba. Unyevu hubaki ndani, hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mara nyingi huishia kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, vikaoza. Nje msikiti unang'aa. Ndani paa linaanza kushuka. Nimewahi kuitwa kwenye msikiti ambao mfadhili alitoa pesa nzuri, kwa nia safi, ukapakwa saruji kuanzia chini hadi juu na kuwekwa vigae kwenye mihrabu. Nilipogonga vigae vikalia utupu. Jiwe lililokuwa nyuma yake limekuwa unga.

Kamati za misikiti hazinipendi ninapofika hapa, kwa sababu hudhani nataka wasali ndani ya makumbusho. Sitaki hivyo. Waumini wameongezeka, feni zinahitajika, kina mama wanahitaji nafasi yao, na vyoo vya zamani havitoshi. Misikiti hii imepanuliwa tangu Shanga. Ninachowaomba ni kwamba upanuzi uende kusini, nyuma ya safu za mwisho, kama alivyofanya Sultani wa Kilwa, na huko watumie zege na kuba la rangi wanayoitaka. Ukuta wa kibla uachwe kwa chokaa, na kabla ya kuubomoa au kuubandika chochote, mtu aupige picha na kuipima mihrabu yake kwa futi, ndani na nje.