Gharama ya Matibabu Mombasa: Dhana Zinazotuumiza na Ukweli Wake

Uchumi wa afya huuliza fedha za matibabu zatoka wapi, zinamfikia nani, na zikipelekwa huku badala ya kule, nani atapona na nani atakosa. Wengi hapa Mombasa huona hayo ni mambo ya maofisini, ilhali majibu yake ndiyo yanayoamua kama mtoto wa Jomvu atapata dawa au ataambiwa arudi kesho. Dhana potofu ni nyingi, na nyingine zimegharimu maisha.

Dhana: Watu hawathamini cha bure. Wakilipa kidogo, watakitunza.

Nianze na hii kwa sababu ndiyo iliyotudhuru muda mrefu zaidi. Mwaka 1989 serikali ilianza kutoza ada katika vituo vyake vya afya, ikaisitisha mwaka uliofuata, kisha ikairudisha. Mwaka 2004 ada ikashushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya, na mwaka 2013 ikafutwa katika ngazi hizo mbili. Wakati wote huo kulikuwa na watu wenye vyeo walioamini kwa dhati kwamba ada ndogo haimzuii mtu.

Watafiti hawakuridhika na imani, walipima. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walikwenda kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya wakatoa vyandarua vyenye dawa, kwingine bure, kwingine kwa bei ndogo. Bei ilipofika kiasi cha senti 60 za dola, idadi ya waliochukua ilishuka kwa asilimia 60 hivi. Na waliopewa bure walivitumia sawasawa na walionunua.

Ushahidi mwingine ulitoka hapa jirani. Wilaya nne zilifuatiliwa kati ya 2004 na 2006, mojawapo ikiwa Kwale, mwendo mfupi tu ukishavuka Likoni. Mwanzoni, vyandarua vilipokuwa vya kununua, watoto waliolala ndani ya vyandarua vyenye dawa walikuwa takriban asilimia 7, na waliokosa zaidi ni wa familia maskini. Baada ya kampeni ya kugawa bure mwaka 2006, walifika asilimia 67, na pengo kati ya tajiri na maskini likakaribia kuzibika. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya likihimiza vyandarua vigawiwe bure au kwa bei iliyopunguzwa sana, na matokeo ya Kenya yakiwa mbele kabisa katika hoja zake. Basi anayesema utafiti huishia kabatini na aulize mama wa Kwale chandarua chake alikipataje.

Dhana: Huduma ikiwa bure, mgonjwa halipi kitu.

Tuchukue mama wa Likoni anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Mtoto wake ameandikiwa rufaa ya Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani. Feri kwa mwenda kwa miguu hailipiwi. Lakini akishavuka atahitaji matatu au tuktuk, kwenda na kurudi. Siku hiyo hakuuza, na unga aliokwisha ukanda umeharibika. Dawa moja haipo, anatumwa akainunue nje. Watoto waliobaki nyumbani wanalishwa kwa jirani. Hospitali haioni gharama hizi katika vitabu vyake, naye mama ndiye anayezibeba zote.

Ndiyo sababu watafiti wa fani hii huenda majumbani kuuliza. Kipimo kimoja kinachotumika duniani ni hiki: familia ikitumia zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake yote kwa matibabu, gharama hiyo huhesabiwa kuwa ya kuangamiza. Hata hapo pana kasoro inayonisumbua sana. Anayekata tamaa na kubaki nyumbani na maumivu yake hakutumia hata shilingi, kwa hiyo kwenye jedwali anaonekana yuko salama. Ripoti nzuri lazima imtafute na huyo.

Dhana: Kuhesabu gharama ni kuweka bei kwenye roho ya mtu.

Naelewa uchungu ulio nyuma ya maneno haya. Hata hivyo bajeti ina mwisho, na uamuzi wa nani atangulie unafanyika kila mwaka, uwe umehesabiwa au haukuhesabiwa. Usipohesabiwa, hushinda mwenye sauti kubwa. Mgonjwa anayesafishwa figo tunamjua kwa jina, tunamchangia kwenye kundi la WhatsApp, na anastahili kila senti. Lakini wapo mamia wenye shinikizo la damu wasiojijua, ambao vidonge vya bei ndogo vingezuia figo zao zisifike huko. Hao hakuna anayewachangia. Kazi ya mchumi wa afya ni kuwaleta mezani, akipima miaka ya maisha yenye uzima inayopotea kwa kila ugonjwa na ile inayoweza kuokolewa.

Dhana: Kinga daima hupunguza matumizi.

Si daima. Chanjo nyingi za watoto huokoa fedha kweli. Kupima umma mzima ugonjwa ulio adimu kunaweza kugharimu kuliko kuwatibu wachache watakaougua. Kinga nyingine huongeza matumizi na bado inafaa, kwa sababu tunanunua uzima.

Dhana: Nisipougua, mchango wangu wa bima umepotea.

Umemtibu mwingine, na wake utakutibu wewe. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipoanza kazi Oktoba 2024, mchango uliwekwa asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mfuko ambao watu hujiunga wakishaugua tu hauwezi kudumu. Ila shida ya mchuuzi wa Kongowea si uelewa peke yake: kipato chake ni cha siku kwa siku, na kumtaka alipe mwaka mzima kwa mkupuo ni kumfungia mlango.

Dhana: Haya yanaamuliwa Nairobi.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vituo vya afya. Zahanati ya mtaani kwako iko chini ya kaunti ya Mombasa, na makadirio ya bajeti hutakiwa yafike kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka. Wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla hayajapitishwa. Nenda na maswali: dawa za shinikizo la damu na kisukari zimetengewa kiasi gani, zahanati ngapi zilizikosa mwaka uliopita na kwa muda gani, na jengo jipya linalopendekezwa litaajiri wauguzi wangapi.